Ghala la Makumbusho na Haki ya Kuona

Makumbusho makubwa ya dunia huonesha sehemu ndogo mno ya mali zinazomilikiwa nayo, na mgeni anayemaliza kutembelea kumbi zote akaondoka akiamini kwamba ameyaona makumbusho hayo huwa ameona ukingo wake tu. British Museum ya London, kwa mfano, ina vitu visivyopungua milioni 8, lakini vinavyowekwa kwenye kumbi kwa wakati mmoja ni kiasi cha 80,000, yaani asilimia 1. Vilivyobaki vimo ghalani, ndani ya makabati, masanduku na rafu ambazo kwa zaidi ya karne moja zimekuwa zikionwa na wafanyakazi na watafiti wachache wenye barua za utambulisho.

Sababu za hali hiyo ni nyingi, na si zote zenye ubaya. Kumbi za maonesho ni chache na ujenzi wake ni ghali. Nguo, karatasi na rangi za maji haziwezi kukaa kwenye mwanga kwa miaka mingi bila kupauka. Na vitu vingi, kama vigae vya vyungu vilivyochimbuliwa na wanaakiolojia, wadudu waliokaushwa au mbegu zilizotiwa kwenye vichupa, vilikusanywa ili vilinganishwe na vingine vya aina yake, wala havikukusudiwa kumvutia mpita njia. Hata hivyo, iko sababu nyingine isiyotajwa sana, nayo ni kwamba anayechagua cha kuonesha na cha kuweka ghalani ni msimamizi wa mikusanyo, mtu mwenye elimu yake, mapenzi yake na mipaka yake, na uamuzi wake ukishapita hubaki kuwa sheria kwa miongo kadhaa. Ghala lililo wazi kwa umma ni jaribio la kumpa mtu wa kawaida sehemu ya uamuzi huo.

Kwa maana ya kitaalamu, ghala wazi ni jengo au sehemu ya jengo la makumbusho ambamo vitu vinahifadhiwa kwa utaratibu uleule wa ghala la kawaida, yaani kwa kubanana, kwa namba za usajili na bila masimulizi marefu ya kuvieleza, lakini wananchi wanaruhusiwa kuingia na kuviona. Wazo hilo si geni. Mwaka 1976 Makumbusho ya Anthropolojia ya Chuo Kikuu cha British Columbia, mjini Vancouver nchini Kanada, yalifungua jengo jipya lililochorwa na msanifu Arthur Erickson, ambamo maelfu ya vitu viliwekwa katika makabati ya vioo na droo ambazo mgeni mwenyewe aliweza kuzivuta. Mwaka 1988 Metropolitan Museum ya New York nayo ilifungua kituo cha namna hiyo kwa ajili ya sanaa ya Marekani. Majaribio hayo, pamoja na umuhimu wake, yalihusu sehemu tu ya mkusanyo, na kioo kilibaki kati ya mgeni na kitu. Hatua ya kulifungua ghala zima imechukuliwa katika karne hii, na mifano yake miwili mikubwa iko Rotterdam na London.

Wa London ndio uliokwenda mbali zaidi. Victoria and Albert Museum, makumbusho ya sanaa na ufundi yaliyoanzishwa mwaka 1852 na ambayo hujulikana kwa kifupi kama V&A, yalikuwa yakihifadhi sehemu kubwa ya mali zake katika Blythe House, jengo la mwanzoni mwa karne ya 20 lililokuwa makao ya benki ya akiba ya posta, likitumiwa kwa pamoja na British Museum na Makumbusho ya Sayansi. Mwaka 2015 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba jengo hilo lingeuzwa, na makumbusho yote matatu yakalazimika kutafuta pa kwenda. Kuhamisha mamia ya maelfu ya vitu, vingine vikiwa vyepesi kama unyoya na vingine vikiwa na uzito wa tani, ni kazi inayohitaji kila kimoja kikaguliwe, kipigwe picha, kifungwe na kupewa namba inayosomwa na mashine; na pengine bila adha hiyo ya kufukuzwa, ukaguzi wa namna hiyo usingefanyika kamwe. V&A iliamua kwamba, kwa kuwa kila kitu kingeguswa hata hivyo, kingepangwa upya mahali ambapo watu wangeweza kukifikia.

Ghala hilo jipya, liitwalo V&A East Storehouse, lilifunguliwa tarehe 31 Mei 2025 mashariki mwa jiji, katika jengo lililokuwa kituo cha vyombo vya habari wakati wa Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2012. Lina ghorofa nne na eneo la mita za mraba zipatazo 16,000, na limechukua vitu zaidi ya 250,000, vitabu 350,000 na hifadhi za nyaraka zipatazo 1,000. Wasanifu wake, Diller Scofidio + Renfro wa New York, waliugeuza mpango uliozoeleka wa majengo ya aina hii: badala ya kuwaweka wageni pembezoni na vitu katikati, waliwapitisha wageni hadi katikati ya jengo, kwenye ukumbi mrefu unaozungukwa na rafu pande zote, ili anayesimama hapo ajikute amezingirwa na ghala lenyewe.

Kiingilio ni bure. Mgeni anayepanda ngazi kutoka mapokezi haoni kwanza kito wala picha maarufu, bali rafu za chuma zenye masanduku, viti vya zama mbalimbali vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, sanamu zilizofungwa mikanda kwenye majukwaa ya mbao na piano isiyo na mpigaji. Maelezo ya maandishi ni machache kwa makusudi, kwa sababu ghala halina masimulizi ya mwanzo na mwisho. Anayetaka kujua zaidi huelekeza simu yake kwenye alama iliyobandikwa karibu na kitu na kusoma kumbukumbu zake. Kwenye ncha za rafu yamebuniwa maonesho madogo zaidi ya 100, mengine yakiwa na ukubwa wa kabati la jikoni, ambayo yanaweza kubadilishwa bila gharama kubwa. Kupitia madirisha ya juu, wageni huwatazama wahifadhi, yaani mafundi wa kutengeneza na kukinga vitu visiharibike, wakiwa kazini. Kazi hiyo haina mbwembwe, kwani mara nyingi ni mtu mmoja aliyeinama juu ya kitambaa kwa saa nyingi, lakini bila shaka ndiyo shughuli kubwa kuliko zote ndani ya makumbusho yoyote.

Vipo pia vitu ambavyo kwa ukubwa wake havikuwa na pa kuoneshwa. Dari la mbao lililonakshiwa na kupakwa dhahabu katika karne ya 15 kwa ajili ya kasri la Torrijos, karibu na Toledo nchini Hispania, limetundikwa juu ya vichwa vya wageni kama lilivyokusudiwa. Nguzo za marumaru kutoka ngome ya Agra nchini India, za karne ya 17, zimesimama chini ya sakafu ya kioo. Na kipande cha ukuta wa Robin Hood Gardens, mtaa wa nyumba za umma uliobomolewa mashariki mwa London, kimehifadhiwa kikiwa na saruji yake. Pazia la jukwaa la onesho la ngoma la Le Train Bleu la mwaka 1924, lililochorwa kutokana na mchoro wa Picasso na lenye urefu wa zaidi ya mita 10, lilikuwa limekunjwa kwa miaka mingi kwa sababu hapakuwa na ukuta wa kulibeba.

Lakini jambo jipya kabisa katika ghala hilo si ukumbi wake, bali ni huduma ya kuagiza kitu. Mtu yeyote, awe mwanafunzi, fundi cherehani, mstaafu au mtalii, anaweza kuperuzi orodha ya makumbusho kwenye intaneti, akachagua vitu hadi vitano, akapanga siku si chini ya wiki mbili mbele, kisha akafika na kuvikuta vimetolewa na kuwekwa mezani. Hatakiwi kuonesha shahada, barua ya mwajiri wala hoja ya utafiti. Mfanyakazi hukaa karibu, humweleza namna ya kukishika kitu kama kinashikika, na humpa glavu pale zinapohitajika. Miongoni mwa vitu vilivyoagizwa zaidi baada ya ufunguzi ni gauni la hariri la rangi ya waridi la mwaka 1954 lililobuniwa na Cristóbal Balenciaga. Wasomi wangeweza kukunja uso kwa chaguo hilo, lakini wangekosea: anayetaka kujifunza mshono wa ndani ya gauni hawezi kuuona kupitia kioo cha maonesho, na katika kumbi za kawaida upande wa nyuma wa nguo na upande wa chini wa kiti haupo kabisa.

Mfano wa Rotterdam, nchini Uholanzi, ulitangulia kwa miaka minne. Makumbusho ya Boijmans Van Beuningen yalianzishwa mwaka 1849 katika jiji ambalo sehemu yake kubwa iko chini ya usawa wa bahari, na kuweka michoro na picha katika vyumba vya chini ya ardhi kulimaanisha kuishi na hofu ya maji kila mvua kubwa ilipopiga. Suluhisho lilikuwa kujenga ghala kwenda juu. Jengo hilo, kazi ya kampuni ya usanifu ya MVRDV, lilifunguliwa Novemba 2021. Lina kimo cha mita 39.5 na umbo la bakuli, jembamba chini na pana juu, na limefunikwa kwa vipande 1,664 vya vioo vya kujitazamia, hivi kwamba mawingu na miti ya jirani huonekana juu ya kuta zake. Ndani yake mna vitu zaidi ya 151,000.

Upangaji wake ndio unaofundisha zaidi. Katika kumbi za maonesho picha hupangwa kwa karne, nchi au mtindo wa uchoraji, lakini ghalani mpango huo hauna faida, kwa kuwa chuma hakijui kilifuliwa karne gani. Kinachoharibu chuma ni unyevu. Kinachopasua ubao ni unyevu unaopanda na kushuka. Plastiki huoza kwa joto. Na picha za rangi hudumu zaidi mahali pa baridi. Kwa hiyo ghala la Rotterdam limegawanywa katika maeneo matano ya hali ya hewa, na vitu vimewekwa kwa kufuata vilivyotengenezwa kwavyo na ukubwa wake, hata kama sanamu ya zama za kati inajikuta jirani na kazi ya msanii aliye hai. Wageni hupanda ngazi zinazokatiza katikati ya jengo, wakichungulia vyumba kupitia vioo, na makundi madogo huingizwa vyumbani yakiongozwa na mfanyakazi.

Kuufungua mlango huo kuna gharama yake. Mwanga ni adui asiyelala: wahifadhi hupendelea nguo na karatasi zisipate zaidi ya laksi 50, laksi kikiwa kipimo cha ukali wa mwanga unaoangukia kitu, ilhali jua la mchana linaweza kufikia laksi 100,000. Madhara yake hujumlika wala hayafutiki, hivyo ghala lenye wageni hulazimika kuzima taa pale pasipo na mtu na kuviweka nyuma, ndani ya masanduku, vitu vilivyo dhaifu zaidi. Wageni huleta pia vumbi, joto la miili na wakati mwingine nondo, ambao mabuu wao hula sufu, manyoya na hariri. Ndiyo maana kitu kinachoingia ghalani hutengwa kwanza, na kikishukiwa huwekwa kwenye friji yenye baridi kali kwa siku kadhaa au kwenye hema lililojazwa gesi ya naitrojeni ili wadudu wakose hewa. Na vipo vitu ambavyo ni hatari kwa mgeni mwenyewe, hasa ngozi, manyoya na vinyago vya makusanyo ya zamani, ambavyo wahifadhi wa karne ya 19 na ya 20 walivipaka aseniki au zebaki ili visiliwe na wadudu. Mnamo Aprili 2025 mtoto alikwaruza mchoro wa Mark Rothko katika ghala la Rotterdam, na waliopinga mpango mzima tangu mwanzo walipata la kusema.

Hoja yao ina uzito, lakini haitoshi, kwa sababu mlango uliofungwa nao haukuwahi kuwa kinga. Mwezi Agosti 2023 British Museum ilitangaza kwamba vitu vipatavyo 2,000 vilikuwa vimeibwa, vimepotea au vimeharibiwa kutoka ghalani mwake, vingi vikiwa vito vidogo vya kuchongwa vya Wagiriki na Warumi wa kale, na mkurugenzi wake akajiuzulu. Ghala hilo halikuwa wazi kwa umma. Lililoliponza ni kwamba vingi kati ya vitu hivyo havikuwa vimeorodheshwa ipasavyo, na kisicho na picha wala namba kinaweza kuondoka bila mtu kujua kwamba kimeondoka. Kwa jicho hilo, orodha kamili ina nguvu kuliko kufuli, na ghala linalomruhusu mwananchi kuagiza kitu kwa namba yake ni ghala linalokaguliwa kila siku.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki suala hili haliishii kwenye usanifu wa majengo. Kati ya mwaka 1909 na 1913 wataalamu wa Kijerumani, kwa jasho la mamia ya vibarua na wapagazi wa Lindi na vitongoji vyake na chini ya usimamizi wa kazi wa Boheti bin Amrani, walichimbua katika kilima cha Tendaguru, kusini mwa Tanzania ya leo, zaidi ya tani 200 za mifupa ya dinosauri, ambayo ilibebwa kwa miguu hadi bandarini na kusafirishwa kwenda makumbusho ya historia ya asili ya Berlin. Mifupa michache iliunganishwa na kuwa kiunzi maarufu chenye kimo cha mita 13.27, ambacho ndicho watalii wanachokipiga picha. Sehemu kubwa ilibaki ghalani, na baadhi ya mizigo iliyofungwa kwa mianzi haikufunguliwa kwa miongo mingi. Makumbusho hayohayo ya Berlin yalifungua mwaka 2010 ghala lake la vielelezo vinavyohifadhiwa ndani ya spiriti, ambamo mitungi ya kioo ipatayo 276,000 yenye samaki, nyoka na mijusi inatazamwa na wageni kupitia ukuta wa kioo. Anayetoka Lindi akasimama mbele ya mitungi hiyo anaweza kuuliza, bila kukosa adabu, ni lini mizigo ya mianzi nayo itawekewa dirisha.

Swali zito zaidi linahusu vitu ambavyo havikuchimbuliwa ardhini bali vilichukuliwa mikononi mwa watu. Ngadji, ngoma kuu takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana nchini Kenya, ilitwaliwa na maofisa wa kikoloni wa Kiingereza mwaka 1902 na kufikishwa British Museum mwaka 1908. Tangu hapo imekaa stoo. Wajumbe wa ukoo wa kifalme wa Wapokomo walipoiona, ilikuwa zaidi ya miaka 100 baada ya kuchukuliwa, na waliiona kama wageni walioruhusiwa. Ngoma hiyo haikuwekwa ukumbini ili Waingereza waifahamu, wala haikurudishwa kwa wanaoijua. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa kitu kilichohifadhiwa vizuri bila kumfaa mtu.

Sheria za Uingereza, ile ya British Museum ya mwaka 1963 na ya Urithi wa Taifa ya mwaka 1983 inayoyahusu pia makumbusho ya V&A, haziruhusu wadhamini kuvitoa vitu vya mkusanyo isipokuwa kwa sababu chache mno. Ndiyo maana mwaka 2024 vitu 32 vya dhahabu na fedha vya ufalme wa Asante vilirejea Kumasi, nchini Ghana, kwa jina la mkopo. Ghala wazi halibadilishi sheria hizo hata kwa herufi moja. Linachobadilisha ni uwezo wa mtu kujua kilichopo, na katika madai ya aina hii kujua ndiko kunakotangulia, kwa kuwa haiwezekani kudai kitu ambacho haijulikani kiko wapi.

Kazi hiyo ya kujua imeanza kufanywa kutoka upande wa pili. Mpango wa pamoja wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Goethe-Institut, wasanii wa The Nest Collective wa Nairobi na wenzao wa Ulaya umekusanya kumbukumbu za vitu vya Kenya zaidi ya 32,000 vilivyomo katika taasisi zipatazo 30 za ng'ambo, na mwaka 2021 matokeo yake yalioneshwa Nairobi kabla ya kupelekwa Köln na Frankfurt. Miongoni mwa vilivyowekwa ukumbini Nairobi yalikuwa makabati ya vioo yasiyo na kitu ndani. Watayarishaji walichagua kuonesha pengo, na hilo lilieleweka kwa wageni wa rika zote bila maelezo marefu.

Orodha hiyo na huduma ya London ya kuagiza kitu zinashabihiana kwa njia ambayo pengine waanzilishi wake hawakuipanga: zote mbili zinamtaka mtu aanze na namba ya usajili. Tofauti iko katika safari. Mkazi wa London hupanga siku, hupanda treni na hukaa mezani mbele ya kitu alichokichagua. Mzee wa Kipokomo wa Hola au Kipini anayetaka kufanya hivyo anahitaji pasipoti, viza, nauli ya ndege na taarifa ya benki ya kuthibitisha kwamba atarudi nyumbani. Baadhi ya makumbusho yamejibu kwa kupiga picha vitu na kuvipandisha kwenye intaneti, na picha hizo zina manufaa kwa mtafiti, kwa mwalimu na kwa fundi anayetaka kuiga nakshi, ingawa kwa ngoma manufaa yake yana mpaka, kwani Ngadji ilitengenezwa ipigwe.